Goti la Hotuba

Kiwanda kilikuwa na vitu viwili vya kujivunia: tanuri lililoweza kuyeyusha alumini kwa nusu saa, na Mkurugenzi aliyeweza kuongea nusu saa hiyohiyo bila kumeza mate. Vyote viwili vilitoa joto. Tofauti ni kwamba tanuri lilikuwa na swichi.

Zamani haikuwa hivyo. Marehemu baba yake Mkurugenzi, aliyekianzisha kiwanda enzi za kutengeneza sufuria, alikuwa na kawaida ya kusimama mbele ya tanuri kabla ya kumimina na kusema maneno matatu: "Haya, angalieni vidole." Basi, kazi ikaanza. Mwanawe alirithi kiwanda, tanuri na kawaida ile, ila akaona maneno matatu hayamtoshi mtu aliyesoma mpaka akapewa joho. Akaongeza la nne, la tano, na sasa watu walikuwa wanakuja kazini na viti vyao vya kukunja.

Mtu mmoja tu ndiye aliyefanikiwa kuzikwepa hotuba hizo. Mwisho wa korido, baada ya stoo ya mafagio, palikuwa na chumba cha majaribio, na humo alikaa mwanamke ambaye kiwanda kizima kilimwita Bi Nyufa. Kazi yake ilikuwa kuvunja vitu. Alivibana kwenye mashine, akavivuta au kuvikandamiza mpaka vikatike, kisha akakaa kwenye hadubini kuangalia vimekatikaje. Watu wa mauzo walimwona mkosi. Wakipita na sanduku la bidhaa mpya na kumkuta koridoni, walibadili njia, kana kwamba akiitazama tu bidhaa itapasuka. Yeye hakuwajali. Siku za kumimina alijifungia ndani na kusema mashine yake inahitaji kurekebishwa. Kwa miaka miwili mashine ile ilirekebishwa kuliko mashine yoyote duniani.

Miaka hiyo miwili ilihesabiwa tangu Mkurugenzi aliporudi safarini na jambo jipya: alumini ya chembe. Jambo lenyewe, tuseme haki yake, lilikuwa zuri. Alumini peke yake ni laini, inapinda. Ukiichanganyia chembe ndogo za kauri, ngumu kiasi cha kukwaruza kioo, inabaki nyepesi lakini inapata uti wa mgongo. Sharti lake ni moja, chembe zitawanyike, kila moja ikumbatiwe na metali pande zote, ili mzigo ukija zigawane. Zikikusanyana kama madonge ya uji, metali haiingii katikati yake, panabaki uwazi, na ufa hauhitaji mwaliko zaidi ya huo. Kwa sababu hiyo juu ya chungu cha kuyeyushia lilifungwa pangaboi la chuma lenye mota, la kukoroga. Wafanyakazi waliliita Mwiko, na kelele zake zilizidi za mashine ya kusaga.

Kutokana na alumini hiyo kiwanda kiliacha sufuria na kuanza kutengeneza magoti ya miguu ya bandia. Kila mmimino ulitoa vijiti vitatu vya majaribio, vikapelekwa kwa Bi Nyufa, akavivunja, na kila mara vilikuwa vizuri ajabu. Vilivutika, vikanung'unika, vikakatika pale tu vilipokuwa vimemaliza uvumilivu wote wa haki. Aliandika "safi" na kutia saini. Mkurugenzi alizitundika karatasi hizo ukutani kwenye fremu, pembeni ya picha yake akipeana mkono na mtu aliyekatwa kichwa na mpiga picha.

Sasa uzinduzi ulikuwa umefika. Na wa kwanza kuvaa goti jipya, mbele ya wageni na kamera, akishuka ngazi tano za jukwaa, alikuwa mama yake Bi Nyufa.

Mama huyo mguu wake wa kulia aliuacha hospitali miaka kumi na minne iliyopita, na tangu hapo alitembelea goti la chuma zito kama ndoo iliyojaa maji. Goti lilikuwa likilia. Kwi, kwi, kwi, kila hatua, mtaa mzima ukajua saa ngapi anakwenda dukani na saa ngapi anakwenda chooni. Aliyempendekeza avae goti jipya ni mdogo wake, fundi wa tanuri, ambaye Bi Nyufa alimwita Mjomba kwa sababu ndiye. Mjomba alikuwa na miaka ishirini na sita mbele ya moto ule, nyusi zilishaungua zikaota zikaungua tena, na alimpenda dada yake kwa namna ya watu wa tanuri, yaani kwa kutosema chochote na kumbebea mizigo.

Wiki moja kabla ya uzinduzi, Bi Nyufa alishika goti kwa mara ya kwanza. Ndiyo, kwa mara ya kwanza. Kanuni ya kiwanda ilisema vijiti ni vya kuvunja na magoti ni ya miguu. Hili lilikuwa limekataliwa kwa sababu nembo ilichongwa upande, na mtu wa mauzo alilitumia kuzuia karatasi zisipeperuke. Alilichukua bila kuomba, akalibana kwenye mashine, akasema moyoni, mama atavaa kama hili, acha nione.

Goti lilitakiwa kubeba uzito wa watu wanane. Mtu mmoja tu, akishuka ngazi kwa kishindo, hulitwisha goti uzito wa watu watatu. Kabla mshale wa mashine haujafika kwa mtu wa tatu, goti lilisema "tap" na kulala vipande viwili.

Halikuvutika wala kunung'unika. Bi Nyufa alipitisha kidole mahali lilipokatika na kidole kikarudi na mchanga. Chini ya hadubini aliona madonge ya chembe yamebanana, katikati yake matundu matupu, na ufa umepita kutoka donge hadi donge kama mgeni anayeruka mawe kuvuka matope. Sehemu nyingine za goti lilelile hazikuwa na chembe hata moja. Aliogopa, aliogopa kweli, kwa sababu aliona ngazi tano na aliona nani anazishuka.

Alikwenda juu kwa Mkurugenzi na vipande viwili ndani ya bahasha.

"Vijiti vinasemaje?" Mkurugenzi aliuliza, bila kuifungua bahasha.

"Vijiti ni vizuri. Goti ndilo bovu."

"Vijiti na goti si vinatoka chungu kimoja?"

"Vinatoka chungu kimoja."

"Basi." Alitabasamu kwa upole wa mtu aliyeshinda. "Bi Nyufa, unajua tatizo lako? Unatafuta nyufa."

"Ndiyo kazi niliyoajiriwa, Mkurugenzi."

"Tafuta na mazuri pia. Hilo lilikuwa goti la kukataliwa, ulitaka likuimbie? Kama mama yetu anaona woga, niambie mapema. Yupo fundi cherehani kwenye orodha, kijana, mwenye furaha, anapendeza kwenye picha. Tutamvisha yeye."

Bi Nyufa alishuka ngazi akiwa amebeba habari mbaya mara mbili. Kumwambia mama asivae kulikuwa rahisi. Lakini goti la sherehe, ambalo tayari lilikuwa limewekwa juu ya mto mwekundu kungoja uzinduzi, lingebaki hapo likimsubiri mtu mwingine aanguke nalo.

Kwa Mjomba hakupokelewa vizuri zaidi.

"Unasema nimekoroga vibaya?" Mjomba aliweka koleo chini. "Mimi? Goti la dada yangu?"

"Sijasema wewe, Mjomba. Nasema goti."

"Goti lina mikono? Chembe nazichuja mwenyewe, nazipasha moto mwenyewe, nakoroga dakika zote zinazotakiwa na moja ya juu. Nenda ukarekebishe hiyo mashine yako, si kila siku unairekebisha."

Hilo lilimchoma, na lilimchoma kwa sababu lilikuwa na haki yake. Siku iliyofuata ilikuwa ya kumimina. Bi Nyufa alifunga chumba chake, akaazima kiti cha kukunja, akaenda kukaa mbele ya tanuri kwa mara ya kwanza tangu alumini ya chembe iingie kiwandani. Watu walimtazama kama bibi harusi aliyekosea ukumbi.

Mjomba alikoroga kweli. Mwiko ulinguruma, chungu kikazunguka kizuri, chembe zikapotea ndani ya metali. Akamimina vijiti vitatu mara moja, moto moto, maana tangu enzi za sufuria kipande cha kupimwa kilitangulia. Kisha Mkurugenzi akasimama, akarekebisha tai, akainua kidole kimoja. Mjomba akazima Mwiko.

Kimya kilishuka. Bila shaka, hotuba isingesikika na makelele yale.

Mkurugenzi alianza na shukrani. Akashukuru waliopo, wasiopo na wanaotarajiwa. Akaeleza maana ya mshikamano, jinsi chembe ndogo zisivyo na nguvu zikiwa peke yake, jinsi zinavyoshikana. Wakati anaeleza hayo, ndani ya chungu, nyuma ya mgongo wake, chembe zenyewe zilikuwa zinazama polepole na kushikana kwa utii mkubwa, kwa kuwa ni nzito kuliko alumini iliyoyeyuka na hakuna aliyezizuia. Bi Nyufa alitazama saa. Dakika ishirini na tatu. Ndipo Mjomba akamimina magoti.

Alitaka kucheka na alitaka kulia, na kwa kuwa viti vilikuwa karibu karibu hakufanya lolote.

Alirudi na kutoa sanduku zima la magoti yaliyokataliwa kwa nembo na rangi, kila moja na tarehe yake. Alivunja kumi na moja. Mlinzi wa getini, aliyeandika kila jambo kwenye daftari ikiwamo muda wa hotuba, kwa sababu wakati huo haruhusiwi kufungulia magari, alimsomea dakika. Hotuba ya dakika kumi na tano, goti lilibeba watu wanne. Ya dakika thelathini, watu wawili na nusu. Goti moja peke yake lilikataa kuvunjika mpaka likavuka watu wanane, na hata hapo lilivutika kwanza na kunung'unika kama vijiti. Mlinzi alilamba kidole, akafungua ukurasa.

"Siku hiyo hapakuwa na hotuba," alisema. "Mkurugenzi alikuwa amekaukiwa na sauti. Alipunga mkono tu."

Goti bora kuliko yote katika historia ya kiwanda lilitokana na mafua.

Na goti la sherehe je, lile la kwenye mto mwekundu, lenye maneno ya kuchongwa? Daftari lilikuwa wazi. Lilimiminwa siku waliyokuja wageni wa wizara. Dakika hamsini na mbili. Na kwa heshima lilimiminwa la mwisho kabisa, yaani kutoka chini ya chungu.

Lilikuwa na pacha wake, lililoachwa kama akiba. Bi Nyufa alilichukua, akampelekea Mjomba na nyundo.

"Lipige," alisema.

Mjomba alilipiga mara moja, si kwa hasira, kwa nguvu za mtu anayegonga mlango wa jirani. Likakatika. Alichukua kipande, akapitisha kidole, akautazama mchanga kwenye kidole chake. Halafu Bi Nyufa akamweleza kuhusu Mwiko, dakika, mlinzi na mafua. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho. Akakaa juu ya gunia la chembe.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema. "Mkono unaozima swichi ni huu."

"Unaamriwa, Mjomba."

"Nilikuwa naona zinazama. Jicho linaona. Nikasema labda ndivyo zinavyotakiwa, waliosoma wanajua."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Nimwambie saa ngapi? Yule akianza kuna pa kuingilia?" Alifuta uso kwa kitambaa cheusi na uso ukazidi kuwa mweusi. "Ishirini na sita, mwanangu. Miaka ishirini na sita naangalia vidole."

Asubuhi ya uzinduzi Bi Nyufa alimweleza mama yake yote, wakati anamfungia kamba za mguu. Mama alisikiliza huku akijitazama kwenye kioo na kurekebisha kitambaa cha kichwani.

"Nivae au nisivae?"

"Usivae, mama."

"Basi imekwisha. Nimezaa mtu wa kuvunja vitu, nikaacha kumsikiliza yeye nikamsikilize nani?" Alisimama, goti la chuma likalia kwi. "Lakini kwenda nakwenda. Nimeshasuka nywele."

Wageni walikaa ndani ya karakana, safu nne, kofia ngumu za manjano juu ya vichwa vilivyotengenezwa saluni. Ratiba ilikuwa hivi: kukoroga, hotuba, kumimina, kisha mama yetu avishwe goti na kushuka jukwaani. Goti la sherehe lilikaa kwenye mto wake juu ya meza ndogo, hatua mbili kutoka tanuri. Mama aliketi safu ya mbele. Bi Nyufa alisimama nyuma yake, akipanga maneno ya kusema itakapofika zamu ya kuvisha. Aliandaa sentensi kumi na hakuna hata moja iliyomwachia kazi yake.

Mjomba alikoroga, akamimina vijiti. Mkurugenzi alisimama, akarekebisha tai, akainua kidole.

Mwiko uliendelea kunguruma.

Mkurugenzi aliinua kidole tena, juu zaidi. Mjomba alimtazama kwa adabu kamili, akainamisha kichwa, na hakugusa swichi. Kamera zilikuwa zinawaka. Mkurugenzi, mtu wa jukwaa, aliwageukia wageni akaanza hivyohivyo. Mdomo ulifunguka ukafungwa, mikono ikapaa, ikatua kifuani mahali pa shukrani. Hakuna aliyesikia neno. Wageni walitikisa vichwa kwa makini, kama walivyozoea hata wanaposikia.

"Sema tu, mwanangu," mama alipaza sauti kutoka safu ya mbele. "Tunakuona!"

Ndipo Bi Nyufa alipomwona mjomba wake akinyoosha koleo. Alilichukua goti la sherehe kutoka kwenye mto, taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto kitandani, akaliweka kwenye mdomo wa tanuri. Hakulitumbukiza. Metali baridi ikiingia kwenye metali iliyoyeyuka hurusha cheche, na Mjomba hata akiasi aliasi kwa kufuata usalama wa kazi. Akasubiri lipate moto. Mkurugenzi, mgongo kwa tanuri, alikuwa amefika kwenye mshikamano, ilionekana kwa vidole alivyovisuka. Dakika saba, nane, tisa. Mjomba akalisukuma kwa ncha ya koleo. Maneno ya kuchongwa yalionekana kidogo juu ya metali, kisha Mwiko ukayachukua.

Wageni walisimama wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya sherehe, na walikiri baadaye kwamba ndiyo sehemu waliyoielewa. Mkurugenzi, akidhani makofi ni yake, aliinama. Mjomba akaacha Mwiko ukoroge muda wake wote tena, na moja ya juu. Ndipo akauzima, akamimina magoti papo hapo, hata mvuke wa pumzi haujapita katikati.

Mkurugenzi aligeuka kuchukua goti. Mto ulikuwa mtupu.

"Liko wapi?"

"Limerudi kukorogwa," Mjomba alisema.

Barua ilitoka siku hiyohiyo. Utovu wa nidhamu wakati wa hotuba, kusimamishwa kazi miezi sita. Bi Nyufa alipanda juu na vipande vyake, na daftari la mlinzi, na safari hii bahasha ilifunguliwa, kwa sababu wageni walikuwa wameshaagiza magoti. Wiki iliyofuata Mkurugenzi alitangaza ugunduzi wake mwenyewe: kuanzia sasa hotuba zitatolewa baada ya kumimina, kwa sababu za kisayansi. Alieleza sababu hizo kwa dakika arobaini. Barua ya Mjomba haikufutwa. Ilikuwa na muhuri tayari, na muhuri, tofauti na goti, haukuwahi kupelekwa kupimwa.

Katika magoti sita ya mmimino ule Bi Nyufa alivunja matano. Hakuna aliyemruhusu. Yote yalivuka watu wanane, na chini ya hadubini chembe zilikuwa zimekaa mbalimbali, kila moja imekumbatiwa, ufa ukilazimika kuzizunguka moja moja kwa taabu. La sita hakuliweka kwenye mashine. Alilipeleka nyumbani.

Mama alilivaa asubuhi, akatembea kutoka chumbani hadi jikoni na kurudi. Kisha akasema anakwenda kwa mdogo wake, kwa miguu, na asisindikizwe kama mgonjwa. Bi Nyufa alimsindikiza hatua kumi nyuma. Kwa Mjomba palikuwa na ngazi sita za saruji, moja zaidi ya jukwaa. Mama alizipanda.

Mjomba alikuwa ndani, amekaa na mikono isiyo na kazi. Hakumsikia dada yake akija. Miaka kumi na minne alikuwa amezoea kumsikia tangu kona ya barabara, akawahi kuweka maji jikoni. Safari hii aliinua macho tu akamkuta mlangoni, na akasimama ghafla mpaka kiti kikaanguka.

Alipiga magoti mbele yake bila kusalimia. Alipitisha kidole kwenye lile goti, upande kwa upande, akakitazama. Kidole kilikuwa kisafi.

"Linasemaje, dada?" aliuliza.

"Halisemi kitu," mama alijibu, akimshika kichwa. "Ndiyo maana nimelipenda."